Bustani ya nyumbani: Hortensia, ua linalofuata udongo



Mwaka jana, mvua za Septemba zilipoanza, mama mmoja alibaki kwenye benchi baada ya mkutano wa akiba mpaka wengine wote wakaondoka. Ni mjane, na jina lake tunaliacha. Alituuliza kwa sauti ndogo: «Ninyi mnaoandika juu ya bustani, ua linaweza kubadilika rangi lenyewe, bila mtu kulifanyia kitu?» Kwanza tulicheka. Kisha tukaona kwamba yeye hacheki.

Habari yake ni hii. Alipokuwa angali Goma, mume wake alipanda hortensia nyuma ya jiko. Ilitoa maua makubwa ya rangi ya waridi, ile tunayoita roze, vichwa vizito kama kabeji. Mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, walikimbia na watoto na godoro moja. Baadaye alirudi kuchukua vyombo vilivyobaki, akakata matawi matatu ya ua lile, akayafunga katika kitambaa kibichi, akapanda nayo mashua mpaka Bukavu. Tawi moja tu lilishika. Mume wake alifariki mwaka uliofuata. Na siku ua lilipochanua karibu na mlango wa parseli, halikuwa roze. Lilikuwa bluu, bluu ya jioni juu ya ziwa.

Unajua jinsi maneno yanavyokimbia katika avenyu zetu. Shemeji yake alisema ua la marehemu limegeuka kwa sababu marehemu hajaridhika. Jirani akaongeza lake. Wanunuzi wa mandazi yake wakaanza kupita upande wa pili wa njia, na watoto wa jirani wakakatazwa kuingia kucheza. Aliambiwa aling'oe na kulichoma. Yeye hakutaka, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilicho hai alichobaki nacho kutoka mkononi mwa mume wake.

Sisi wakati ule hatukuwa na jibu kamili. Tulijua tu kwamba hortensia za parokia ni bluu na hortensia za mama mmoja wa kikundi chetu ni za zambarau. Tulikwenda kumuuliza agronoma mmoja aliyestaafu, na tangu siku ile tumesoma, tumejaribu, tumeharibu vingine, na leo tunawaletea yote tuliyopata.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo shida ilipo. Vipande vile vyenye rangi, ambavyo sisi tunaviita maua, kwa kweli ni sepali, yaani vile vijani ambavyo katika maua mengine hufunika kitumba kabla hakijafunguka. Ua lenyewe ni kidoti kidogo katikati. Ndani ya sepali hizo mna maji ya rangi ambayo kwa asili yake ni mekundu. Yakikutana na alumini ndani ya ua, hugeuka kuwa bluu. Yasipokutana nayo, hubaki roze. Zikiwa nusu kwa nusu, unapata zambarau.

Je, alumini inatoka wapi? Si kutoka kwenye sufuria. Imo ndani ya karibu kila udongo, lakini imefungwa. Udongo ukiwa na asidi, alumini inafunguka, inayeyuka katika maji, na mizizi inainywa. Udongo usipokuwa na asidi, alumini inalala tu pale ilipo, hata kama ni nyingi. Wataalamu hupima asidi kwa kipimo kiitwacho pH: namba ikiwa ndogo, asidi ni kubwa. Kwa hortensia, pH ya 5.5 au chini yake huleta bluu, na pH ya 6.5 au zaidi huleta roze. Usipokuwa na kipimo, angalia chai. Chai hupenda udongo wenye asidi, kwa hiyo udongo unaokubali chai vizuri utakupa hortensia ya bluu. Udongo wetu mwekundu wa milimani uko hivyo.

Na kule Goma? Tulimuuliza yule mjane: «Jiko lako lilikuwa wapi?» Akajibu: «Karibu kabisa na ua. Kila asubuhi nilimwaga majivu pale chini.» Majivu ya makala na ya kuni hupunguza asidi ya udongo. Miaka yote ile alikuwa akilipikia ua lake rangi ya roze bila kujua. Huku Bukavu hupika upande wa pili wa nyumba, na majivu huyatupa kwenye shimo la takataka.

Kuna mama mmoja huko Ujapani, Kumi Yoshida, mtaalamu wa kemia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nagoya, ambaye amefanya kazi kwa muda mrefu juu ya jambo hili hili, jinsi bluu ya hortensia inavyotengenezwa ndani ya chembe za ua. Tunamtaja ili wasichana wetu walio katika sekondari wajue kwamba hata swali la rangi ya ua ni kazi ya kutosha kwa akili ya mtu.

Lakini maneno ya kemia hayamwoshi mtu mbele ya shemeji. Ndiyo sababu tuliamua kujaribu kwa macho. Mwezi wa 10 tulikata vipandikizi kwenye kichaka cha yule mjane, vyote kutoka shina moja. Viliposhika, tuliviweka katika makopo matatu ya mafuta yaliyotobolewa chini, na udongo ule ule wa parseli yake. Kopo la kwanza hatukulitia kitu. La pili tulilitia nusu konzi ya majivu kila mwezi, tukichanganya juu juu. La tatu tulilimwagia maji yenye shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu hutumia kutuliza maji machafu, maana shabu ina alumini ndani yake. Kopo la tatu mbuzi aliliangusha mwezi wa 2, akalikanyaga, na hatukupata tena kitu. Hayo mawili yalibaki.

Mwezi uliopita yakatoa vitumba. La kwanza lilifunguka bluu. La pili lilitoka roze, si safi sana, lenye madoa ya zambarau pembeni, lakini roze ambayo hata mtoto angeitofautisha. Tuliyabeba yote mawili mpaka kwenye mlango wa yule mjane siku ya Jumapili saa 9 alasiri, na tulimwita shemeji yake pamoja na mkuu wa nyumba kumi. Tulieleza. Mkuu wa nyumba kumi alitia kidole katika udongo wa kila kopo, akanusa, akacheka sana, akaomba kipandikizi kwa ajili ya mke wake. Shemeji hakusema neno. Alikunywa chai yake, akaaga, akaenda. Tangu hapo wanunuzi wa mandazi wamerudi, si wote. Jirani mmoja bado hasalimu. Ndivyo mambo yalivyo mpaka wiki hii tunapoandika.

Wengi mmetuuliza kama hortensia ni mti wa kwetu. Hapana. Asili yake ni Ujapani, ambako huiita ajisai. Pale huchanua mwezi wa 6, katikati ya majira ya mvua, na watu huenda kuitazama chini ya miavuli, hasa kwenye hekalu la Meigetsu-in katika mji wa Kamakura. Wakati wa baridi hupukutisha majani yote na kubaki fimbo tupu, mpaka mgeni anaweza kudhani imekufa. Kwetu hakuna baridi ya namna ile, basi hupukutisha kidogo tu, mara nyingi wakati wa kiangazi inapokosa maji. Msiing'oe kwa kuona fimbo kavu. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, iko hai.

Kuna habari ya mama na mtoto ndani ya historia ya ua hili, na hatuwezi kuipita. Mwaka 1823 daktari mmoja Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, alifika Nagasaki kuwatumikia wafanyabiashara wa Uholanzi. Wakati ule Ujapani ilikuwa imefunga milango yake, na wageni hao walikaa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima. Alipata mtoto na mwanamke wa pale, Kusumoto Taki. Mtoto wa kike, Ine, alizaliwa mwaka 1827. Miaka miwili baadaye Siebold alifukuzwa nchini kwa sababu alikutwa na ramani ambazo mgeni hakuruhusiwa kuwa nazo. Akaondoka, Taki akabaki na mtoto wa miaka miwili. Akiwa Ulaya, daktari huyo aliandika kitabu juu ya mimea ya Ujapani, na hortensia moja akaiita «otaksa», kutokana na namna alivyomwita Taki, Otaki-san. Wataalamu hawatumii tena jina hilo kama jina rasmi, kwa kuwa mmea ulikuwa umekwisha pewa jina kabla yake, lakini mji wa Nagasaki mpaka leo una hortensia kama ua la mji.

Jina la ua ni jambo dogo kwa mwanamke aliyeachwa na mtoto, au hivyo ndivyo sisi tunavyoona. Kilichotugusa ni Ine. Wanafunzi wa zamani wa baba yake walimfundisha udaktari, na akajifunza kazi ya uzazi. Mwalimu wake mmoja alimtenda uovu ambao wanawake wa Kivu hawahitaji kuelezwa, na akamzaa binti yake mwaka 1852. Hakuacha masomo. Akawa mwanamke wa kwanza kujulikana Ujapani kuwa daktari wa mtindo wa Ulaya, na mwaka 1873 aliitwa kuhudumia uzazi katika nyumba ya mfalme. Alifariki mwaka 1903. Wakunga wetu wa maternite, someni mistari hii mara mbili.

Sasa tupande.

Kwanza mjue kama mahali penu panafaa. Hortensia huhitaji usiku wa ubaridi ili itengeneze vitumba; joto likipita nyuzi 18 usiku na mchana kwa majuma mengi, inatoa majani mazuri na maua hakuna. Bukavu, Butembo, Lubero, Masisi na milima mingine, hakuna shida. Kina mama wa Lubumbashi, ninyi mna baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, hiyo inatosha, ila kiangazi chenu ni kirefu na kikavu, itabidi kumwagilia. Lakini dada zetu wa Uvira, Kalemie na Kindu, tusiwadanganye: msitoe pesa kununua hortensia. Pandeni hibiskusi au bugenvilia, mtafurahi zaidi.

Mahali pazuri ni upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa 6 au 7 mchana. Ukuta wa mashariki unafaa sana. Chini ya mwavokado pia, ila si karibu na shina. Msing'oe lenga-lenga wala sombe ili kupanda ua! Tunasema hivyo kwa sababu mama mmoja alifanya hivyo baada ya kusikia kwamba maua yana bei, na miezi saba alinunua mboga sokoni. Hortensia inakubali kona ambazo mboga zinakataa: kivulini, kando ya njia ya choo cha nje, pale maji ya paa yanapodondokea. Kona hizo ndizo zake. Wala msidhani itashika udongo wa mteremko usiporomoke. Mizizi yake haiendi chini sana. Kwa mteremko pandeni majani ya kushika udongo, na hortensia iwe nyuma yake kwa uzuri tu.

Kipandikizi hukatwa kwenye tawi laini la mwaka huu ambalo halina ua, urefu wa sentimeta 10 mpaka 15, liwe na vifundo viwili au vitatu. Kata chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali au sekateri iliyooshwa. Ondoa majani ya chini. Majani mawili ya juu yakate nusu, kama unavyokata karatasi, maana jani kubwa hunywesha hewa maji yote kabla mizizi haijatoka. Choma katika mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, nusu kwa nusu, kifundo kimoja kiwe ndani kabisa. Mwagilia, funika kwa sashe nyeupe iliyoshikiliwa na vijiti ili isiguse majani, weka kivulini. Baada ya majuma manne mpaka sita, vuta kidogo sana: kikikataa kutoka, kimeshika. Sisi katika kumi hupata sita au saba. Mara ya kwanza tulipata viwili, kwa kuwa tulimwagilia kama watu wanaozima moto, na vyote vikaoza.

Wakati mzuri wa kuhamishia ardhini ni mwezi wa 9 au wa 10, mvua zikiwa zimekubali. Chimba shimo la upana wa karai, weka samadi iliyooza kabisa au komposti, rudishia udongo, panda, kisha tandaza juu majani makavu ya ndizi au maganda ya kahawa. Matandazo haya ndiyo yanayookoa hortensia kiangazi, kuliko hata bido la maji. Kiangazi, majani yakilegea saa 8 mchana usikimbie na maji. Mara nyingi husimama yenyewe jioni. Yakiwa bado yamelegea asubuhi, hapo ina kiu kweli. Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni nyingi yasimwagwe pale kila siku, yanapunguza asidi, na kwa wanaopenda bluu yataharibu kazi.

Anayetaka roze atumie majivu kama tulivyofanya, nusu konzi kwa mwezi kwa kopo, konzi moja au mbili kwa kichaka kikubwa. Akizidisha, majani yatakuwa ya njano na mishipa ikabaki kijani. Hapo aache kabisa majivu kwa miezi kadhaa. Anayetaka bluu ayeyushe shabu kijiko kimoja cha chakula katika lita 5 za maji, amwagilie ardhi iliyokwisha kulowa, mara moja kwa mwezi wakati vitumba vinajitengeneza. Shabu kali huchoma mizizi. Na yeyote mwenye hortensia nyeupe asijisumbue: ile nyeupe haina maji ya rangi ya kugeuza, itabaki nyeupe. Rangi pia haigeuki kwa siku moja, wala ua lililokwisha funguka haligeuzwi. Ngoja maua ya msimu unaofuata.

Kukata ndiko wengi hukosea. Hortensia ya kawaida huweka kitumba chake kwenye tawi la zamani. Ukiikata chini kabisa kama unavyofyeka, umekata maua ya mwaka mzima. Ua likizeeka, kata chini yake tu, mpaka kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonona. Matawi makavu kabisa na yaliyozeeka sana unaweza kuyatoa mpaka ardhini, mawili matatu kwa mwaka.

Sasa jambo ambalo tunaomba kila mama alisome, hata asiyependa maua. Hortensia ina sumu. Majani, vitumba, gome, vyote visiliwe. Wataalamu wamekuta ndani yake vitu vya ukoo ule ule wa sumu ya muhogo mchungu, na sisi hatuhitaji kufundishwa juu ya muhogo mchungu, tunajua kwa nini tunauloweka. Mwaka 2008, huko Tsukuba, Ujapani kwenyewe, mkahawa mmoja ulipamba sahani za chakula kwa majani ya hortensia. Watu 8 waliyala, wakapata kizunguzungu na kutapika. Kama watu wenye ua hili tangu mababu waliweza kukosea, sisi je?

Mbuzi, sungura na dende wasipewe matawi mliyokata. Tulikuwa karibu kufanya kosa hilo sisi wenyewe: binti wa mmoja wetu alikuwa amekwisha beba fungu zima kuelekea kwenye vizimba vya dende, mama yake akamwita akiwa mlangoni. Matawi yatupwe kwenye shimo la komposti. Mtoto anayetambaa asiachwe karibu na kichaka, maana majani yake ni mapana na laini, yanaita mdomo. Akitafuna, mtoeni majani mdomoni, msimlazimishe kutapika, mpelekeni kwenye kituo cha afya pamoja na tawi lenyewe ili muuguzi aone. Wengine utomvu wake huwawasha ngozi. Osheni mikono kabla ya kumshika mtoto au kukanda unga.

Kuna anayetembea na kusema kwamba huko mbali watu hunywa chai ya hortensia. Ni kweli, na ndiyo maana tunaandika. Wajapani wana chai tamu iitwayo amacha. Inatoka kwa hortensia ya mlimani, ya aina ya pekee, ambayo majani yake huchachushwa na kukaushwa kwa utaratibu, na huimimina juu ya sanamu ya Buda mtoto tarehe 8 mwezi wa 4. Hata hiyo, ikikolezwa mno, imewatapisha watoto. Ile iliyo mbele ya nyumba zenu siyo hiyo. Msichemshe majani yake, msichemshe mizizi yake, iwe kwa tumbo, kwa mkojo, kwa mimba au kwa kitu kingine chochote. Anayewauzia mizizi yake kama dawa mwambieni ainywe kwanza yeye.

Matumizi yake ni kwa macho, na kidogo kwa mfuko. Kwa harusi, kwa altare, kwa msiba, kichwa kimoja cha hortensia hujaza mahali ambapo mawaridi sita hayajai. Kata saa 12 asubuhi, ukiwa na ndoo ya maji mkononi, si kwamba utakwenda kuitafuta baadaye. Chagua kichwa kilichokomaa, ambacho ukikigusa kinakuwa kigumu kidogo kama karatasi. Kile laini bado hunyauka kabla ya misa kwisha. Toa majani yote. Wajapani wanaopanga maua husugua ncha ya tawi kwa shabu iliyochomwa ili liendelee kunywa maji, nasi tumejaribu na shabu ya kawaida, inasaidia. Kichwa kikilegea, kizamishe chote ndani ya beseni la maji baridi kwa nusu saa mpaka saa nzima. Kinakunywa hata kwa sepali zake, na mara nyingi kinafufuka. Siku ya kwanza tulipoona hivyo tuliita wanakikundi wote waje kutazama.

Kukausha ni rahisi zaidi. Acha ua kwenye mti mpaka lianze kukwaruza kama karatasi, kata, weka katika chupa yenye maji ya vidole viwili, na usiongeze. Maji yanakwisha, ua linakauka likiwa limesimama. Lisipate jua, jua hulipausha. Taji za maua makavu hukaa miezi mingi, na wakati wa kiangazi, maua mabichi yakiwa haba, ndizo zinazotafutwa.

Juu ya biashara tuna neno moja tulilolilipia. Mwaka huu mwenye ukumbi mmoja wa sherehe, hatumtaji, alichukua vichwa 40 kwa deni kwa ajili ya harusi mbili. Alilipa nusu baada ya miezi miwili, na nusu nyingine tunaingoja. Tangu hapo kikundi kimeamua: nusu ya pesa kabla ya kukata, nusu nyingine ndoo zikiwa bado mkononi mwetu. Ua lililokatwa huwezi kulirudisha kwenye mti, na mnunuzi anajua hivyo kuliko sisi.

Vipandikizi 26 kutoka kwenye kichaka cha yule mjane vimeshika, vimo kwenye sashe nyeusi chini ya mwavokado wake. Anaviuza mwenyewe, na pesa ni zake. Mtakaotaka, mpitie kwake baada ya mkutano wa Alhamisi, mje na kikapu, na mnunue mandazi njiani. Atawauliza mnataka roze au bluu. Mjibuni, naye atawaambia mahali pa kumwaga majivu.

Wiki ijayo tutaongea juu ya maharage yanayopanda mti, kwa kuwa mbegu zimefika na watu wanagombana juu ya fimbo.